Mgonjwa Akiwa Nyumbani Mwenu

(Haya ni maneno aliyoyasema mwenzetu mmoja, tabibu mstaafu aliyesoma hapa tangu mwaka 1973 hadi 1976, mbele ya wanachama na wanafunzi katika ukumbi wa chakula, siku ya pili ya mkutano wetu. Ameomba jina lake lisichapishwe kwa ajili ya habari za jamaa zake zilizomo. – Mhariri)



Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze juu ya afya, aliniachia nichague mwenyewe. Kwanza nilidhani nitazungumzia shinikizo la damu na kisukari, maana nikitazama matumbo ya wenzangu waliokaa safu ya mbele naona mada hiyo ingewafaa sana. (Kicheko.) Lakini jana jioni nilipofika nilikwenda kutazama bweni nililolala miaka minne, na nilipotoka humo nilikuwa nimekwisha badili mada. Nitazungumza juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu limekwisha mfika au litamfika. Unaishi chumba kimoja au nyumba moja na mtu, naye anaugua. Huwezi kumwacha, maana ni ndugu yako au ni mwenzako. Wala hutaki kuugua. Ufanyeje?

Mwaka 1975 nilikuwa kidato cha tatu, tena kiranja wa bweni. Tulikuwa vijana 40 katika chumba kile, vitanda vya chuma vya ghorofa, kimoja juu ya kingine. Kitanda cha tatu kutoka mlangoni, chini, alilala mwenzetu mmoja ambaye sitamtaja. Tangu mwezi wa Machi alikuwa akikohoa. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, baridi nyingi na mbu wengi, basi kila usiku tulifunga madirisha yote na kusokomeza magazeti kwenye nyufa. Akikohoa, wenzake walimrushia viatu. Akajifunza kukohoa ndani ya blanketi. Aprili ikapita, Mei ikafika katikati. Usiku alikuwa akilowa jasho mpaka shuka ikawa ya kukamua, na kaptula ya shule haikumkaa tena kiunoni, akaifunga kwa kamba ya katani. Mimi kiranja niliyaona yote hayo. Lakini nilidhani kazi yangu ni kuhesabu vichwa na kuzima taa.

Asubuhi moja, kwenye mabomba ya kuogea, alitema damu. Akapelekwa hospitali kwa lori la shule. Hapo ndipo bweni zima lilipoamka. Godoro lake tulilichoma moto nyuma ya jiko. Kikombe chake cha bati tulikitupa chooni. Sahani yake vilevile. Kitanda tulikisugua kwa dawa ya kuulia wadudu mpaka rangi ikabanduka, na tulipomaliza tulijiona watu wa maendeleo kweli kweli. Usiku tukafunga madirisha, tukalala.

Alirudi mwezi wa Agosti. Alikuwa amemaliza miezi miwili ya sindano, anaendelea na vidonge, na mkononi ana barua ya hospitali inayosema kwamba anaweza kuendelea na masomo pamoja na wenzake. Bweni lilikataa. Na niliyekwenda ofisini kupeleka maoni ya bweni ni mimi. Akapewa mahali pa kulala katika stoo ya majembe kule shambani. Alikaa humo siku 11, kisha akachukua sanduku lake akaenda kwao, asirudi tena. Mwaka uliofuata yule aliyekuwa akilala kitanda cha juu yake naye akaonekana ana kifua kikuu.

Miaka minne baadaye nilikuwa darasani katika chuo cha matabibu, mwalimu akitufundisha juu ya maradhi hayo, nami nikaanza kuhesabu moyoni makosa yetu moja baada ya jingine. Nitawaeleza kama nilivyoelezwa, kwa sababu mpaka leo, katika nyumba nyingi ninazopita, makosa ni yale yale.

Kiini cha kifua kikuu ni kijidudu ambacho Robert Koch alikitangaza kule Berlin tarehe 24 Machi 1882. Kijidudu hiki husafiri kwa hewa. Mgonjwa wa mapafu ambaye hajaanza dawa anapokohoa, kupiga chafya, kuimba, au hata kuzungumza kwa nguvu, hutoa matone madogo sana. Yale makubwa huanguka chini na yakiisha kuanguka hayana madhara makubwa. Yale madogo hukauka yakabaki chembe zisizoonekana, nazo huelea. Katika chumba kilichofungwa huweza kuelea kwa saa nyingi, hata mgonjwa mwenyewe akiwa amekwisha toka nje. Fungua madirisha mawili yanayokabiliana, upepo upite, na chembe hizo hupungua upesi. Jua nalo huviua vijidudu hivyo. Basi tulichohitaji mwaka 1975 kilikuwa juu ya vichwa vyetu, nasi tulikiziba kwa magazeti.

Kikombe, sahani, kijiko, godoro, shuka, kushikana mikono: hivi havimwambukizi mtu kifua kikuu. Nasema hivi kwa sauti kubwa maana najua wapo humu ndani ambao nyumbani kwao kipo kikombe kimoja kimetengwa, kimefungwa uzi mwekundu kwenye mkono wake, na mtoto akikigusa hupigwa. Kikombe kioshwe kwa sabuni kama vikombe vyote, basi. Kutenga kikombe huku mmelala sita katika chumba kisicho na dirisha ni kufunga mlango wa mbele na kuacha ukuta wa nyuma umebomoka.

La pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Kijana yule alikuwa wa hatari kwetu tangu Machi hata Mei, alipokuwa akikohoa bila dawa na sisi tukimrushia viatu. Aliporudi Agosti, akiwa na miezi miwili ya dawa mwilini, yamkini yeye ndiye aliyekuwa salama kuliko mtu mwingine yeyote aliyekohoa katika shule hii. Dawa zikiwa ni zile zinazofaa na mgonjwa akizimeza sawasawa, uambukizi hupungua kwa haraka sana. Sisi waganga kwa kawaida tumehesabu kama wiki mbili. Tulilala naye alipokuwa hatari, tukamfukuza alipopona kuambukiza.

Msidhani nasema haya kwa huruma tu. Jambo hili lilipimwa. Mwaka 1956, katika mji wa Madras huko India, ambao tangu 1996 unaitwa Chennai, waganga walianza kazi ya kuwagawa wagonjwa 193 kwa kura. Wengine walilazwa katika hospitali ya kifua kikuu, wakapata kitanda, chakula kizuri na mapumziko. Wengine walitibiwa huku wakilala kwao, katika vijumba vya maskini vilivyosongamana watu, na chakula hafifu. Dawa zilikuwa zile zile kwa mwaka mmoja. Matokeo ya kwanza yalitoka mwaka 1959: waliotibiwa nyumbani walipona karibu sawa na waliolazwa. Kisha waganga wakawafuata watu wa nyumba za wagonjwa hao kwa miaka mitano, na waliokaa pamoja na mgonjwa wakati akitibiwa hawakuonekana kuugua zaidi kuliko wale ambao mgonjwa wao alikuwa mbali nao hospitalini. Walioambukizwa walikuwa wamekwisha ambukizwa kabla dawa hazijaanza.

Kwa hiyo mtu akiniuliza ajikinge vipi na mgonjwa aliye nyumbani mwake, jibu langu la kwanza ni hili: mpeleke akapimwe mapema, tena ufuatane naye. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, makohozi yenye damu. Usingoje yatimie yote. Siku hizi mashine za kupima makohozi hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi, na katika nchi yetu dawa hutolewa bila malipo. Matibabu ya kawaida ni miezi sita. Hata hiyo miezi sita ina historia hapa kwetu, maana majaribio makubwa ya kwanza ya tiba fupi, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1972, yalifanywa katika Afrika ya Mashariki na Zambia; na mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma uliopangwa mwaka 1977, kwa msaada wa Daktari Karel Styblo, ulikuja kuigwa na dunia nzima. Kwenu vijana hii ni habari ya kujivunia, tena mtihani unaweza kuuliza.

Sasa nitawaambia habari za nyumbani kwangu, ili msije mkafikiri kwamba mtu akiisha kuwa tabibu hakosei.

Mwaka 1991 mdogo wangu alishuka kwenye basi kutoka Dar es Salaam, amekonda, mkononi ana chupa ya dawa ya kikohozi. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili na sebule. Tulikuwa mimi, mke wangu, mama yangu mzazi, na watoto watatu, mdogo wao ana miezi minane. Nilimpima makohozi, akaonekana na vijidudu, akaanza dawa. Kitanda chake nilikiweka sebuleni chini ya dirisha, na mchana kutwa alikaa nje chini ya mwarobaini. Nilimfundisha kukohoa kwenye kitambaa na kutema katika kopo lenye kifuniko, nasi tukalichoma kila lililomo. Kila asubuhi alimeza dawa mbele ya macho ya muuguzi. Kwa wiki zile za mwanzo kichanga hakulala karibu naye. Watoto wangu wawili waliokuwa chini ya miaka mitano nilihakikisha kwanza kwamba hawaumwi, kisha wakapewa isoniazidi kwa miezi sita kuwakinga.

Hapo nasimama kidogo, maana wazazi wengi hawajui habari hiyo ya dawa ya kinga. Chanjo ya BCG anayochomwa mtoto anapozaliwa humlinda na kifua kikuu kikali, kile cha ubongo na kile cha kuenea mwili mzima, lakini haimfungii mlango kabisa. Mtoto mdogo anayekaa na mgonjwa, na mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI, hao huugua upesi kuliko sisi wengine. Wapelekwe wakatazamwe hata kama wanacheza na kula vizuri. Siku hizi ziko pia dawa za kinga za muda mfupi, hata ya kumeza mara moja kwa wiki kwa wiki 12. Mganga ndiye atakayesema nani apewe ipi. Msigawane vidonge vya mgonjwa.

Basi, nilijiona nimefanya yote. Niliandika majina ya watu wote wa nyumba yangu katika daftari, nikawapima. Wote isipokuwa mama. Mama alikuwa na kikohozi cha miaka mingi, naye alikiita kikohozi cha moshi, kwa sababu ya kupikia kuni. “Hiki changu nakijua, mwanangu,” aliniambia, nami nikaona haya kubishana naye. Miezi mitano baadaye hakuweza kupanda ngazi tatu za mlango wetu. Tulipompima alikuwa na kifua kikuu. Mpaka leo sijui kama alikipata kwa mdogo wangu, au kama yeye ndiye aliyekuwa nacho kabla, tukakaa naye sote tukimlinda mtoto na mtu wa sebuleni huku bibi yake akimlaza mgongoni. Alimeza dawa miezi minane, kwa utaratibu wa wakati ule, akapona, akaishi mpaka 2006. Mdogo wangu leo ana wajukuu. Lakini daftari lile ninalo bado. Wazee wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilikuwa tabibu na nilimsaidia mama yangu kuficha.

Na kosa jingine. Katika wiki ya saba mke wangu alianguka jikoni. Nilidhani ni kile kifua kikuu. Haikuwa hivyo. Ilikuwa malaria juu ya uchovu. Alikuwa ananyonyesha, anapika uji wa mgonjwa na chakula cha watu saba, anafua shuka za jasho, anaamka usiku mara mbili, na yeye mwenyewe hula mwisho, akila alichobakiza mgonjwa. Nilikuwa nikiangalia vijidudu, sikumwangalia yeye.

Ndugu zangu, katika nyumba zetu kuuguza tumewaachia wanawake, nasi wanaume huja jioni kuuliza “Anaendeleaje?” kama wageni. Anayeuguza asipolala na asipokula, mwili wake hupungukiwa nguvu za kupigana na maradhi, na nyumba itapata mgonjwa wa pili. Baada ya siku ile tuligawana zamu. Mimi nilichukua usiku. Mtoto mkubwa, ambaye ni mvulana, alifua. Mke wangu akala kwanza, tena akakaa chini kula. Jirani alileta mboga Jumanne na Ijumaa. Hakuna dawa nyingine iliyohitajika.

Mtaniuliza juu ya maradhi mengine. Kanuni yangu ni moja: jua kwanza ugonjwa unapita njia gani, kisha uzibe njia hiyo, na njia nyingine uziache wazi ili mgonjwa aishi kama mtu. Kipindupindu na kuhara hupita kwa kinyesi, maji na mikono. Hapo dirisha halisaidii. Sabuni, choo, maji yaliyochemshwa, na mtu anayemsafisha mgonjwa asiingie jikoni kabla ya kunawa. Zile ndoo zenye koki tulizoweka kila mlango mwaka 2020 wakati wa korona sijui zimekwenda wapi. Nyingine nimeziona zinauziwa togwa. Homa ya ini aina ya B hupita kwa damu na kwa kujamiiana, kwa hiyo wembe na mswaki kila mtu awe na wake, tena ipo chanjo. Malaria haiambukizwi kwa kukaa pamoja, lakini mbu aliyemuuma mgonjwa huweza baada ya siku kadhaa kukuletea wewe, basi chandarua kimfunike mgonjwa pia, wala msimnyang'anye kwa kusema yeye amekwisha ugua. Na UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walitangazwa mkoani Kagera mwaka 1983, uliwafanya watu watupe sahani tena, kama sisi mwaka 1975. Hauambukizwi kwa sahani, wala kwa kumkumbatia mgonjwa.

Kuna jambo moja la kuwaonya. Kipo kifua kikuu sugu, kisichosikia dawa za kawaida. Mara nyingine huzaliwa na mtu anayeacha dawa mwezi wa pili kwa kuwa amepata nafuu, na mara nyingine mtu hukiambukizwa hivyo hivyo kikiwa sugu. Huyo anahitaji dawa nyingine na tahadhari zaidi. Hospitali ya Kibong'oto, iliyoanzishwa mwaka 1926 kwa wagonjwa wa kifua, ndiko tiba ya ugonjwa huo sugu ilikoanzia nchini mwaka 2009. Ndiyo maana ukikaa na mgonjwa kazi yako mojawapo ni kuhesabu vidonge vyake pamoja naye mpaka siku ya mwisho.

Sasa narudi kwenye bweni. Yule mwenzetu nilikutana naye mwaka 1998, kwenye msiba. Alikuwa amepona zamani. Alisomea ufundi wa magari, ana gereji yake. Nilijaribu kumwomba radhi, maneno yakanishinda. Akanisaidia. Akaniuliza, “Kile kikombe changu cha bati mlikipeleka wapi?” Nikamwambia tulikitupa chooni. Akasema, “Alininunulia baba.” Tukanyamaza, kisha tukaenda kula. Katibu amempelekea barua ya mkutano huu kila mwaka tangu wakati huo, naye hajapata kuja. Simlaumu.

Jana nilihesabu madirisha ya bweni lile. Yapo 12. Tisa yamepigiliwa mbao, kwa sababu ya wezi na mbu, kama alivyonieleza kiranja wa sasa, kijana mwenye adabu sana. Wanalala 58 humo. Nilimuuliza kama yupo anayekohoa, akanyamaza kidogo, kisha akasema wapo wawili. Leo asubuhi kabla ya chai tumekwenda nao zahanati, yeye na mimi, na majibu tutayapata.

Ndugu Mwenyekiti, katika ajenda ya mchana kuna pendekezo la Chama kujenga lango jipya lenye majina yetu. Naomba kutoa hoja kwamba fedha hizo zitangulie kufungua madirisha yale tisa, yatiwe nondo kwa ajili ya wezi na wavu kwa ajili ya mbu, na kwamba fundi aanze kabla ya masika. Lango lisubiri mwaka mwingine. Mchango wangu nimekwisha mpa Mweka Hazina, na stakabadhi ninayo mfukoni.